Madaftari ya Bwana Hodi

Kila alipopewa maji ya kunywa, popote pale, Bwana Hodi aliinua kwanza bilauri hadi usawa wa macho, akaigeuza nusu mzunguko kwenye mwanga, akasema "hodi" kwa sauti ya chini, na hapo ndipo akanywa. Alifanya hivyo kazini. Alifanya hivyo kwenye harusi za watu. Alifanya hivyo hata hospitalini siku mkewe alipolazwa, mpaka muuguzi akamwinamia mgonjwa na kumuuliza kama mzee yuko sawasawa. Mkewe alijibu kwamba swali hilo amejiuliza mwenyewe miaka yote ya ndoa na bado hajapata jibu.

Jina lake halisi lilikuwa ndani ya faili ya utumishi, na huenda tangu liandikwe humo halikutamkwa tena na mtu. Idara nzima ya maji ilimwita Bwana Hodi, kuanzia mkuu wa kituo hadi mlinzi wa lango, naye aliitika kama aliyezaliwa nalo.

Kazi yake ilikuwa kuhesabu. Kila siku ya kazi alichukua tone la maji ya bwawa linalonywesha mji, akaliweka kwenye kioo kilichochorwa miraba midogo, akainamia hadubini, akahesabu viumbe vilivyomo: vile vidogo visivyoonekana kwa macho matupu, vinavyochukuliwa na maji kokote yaendako, ambavyo wasomi huviita planktoni. Mkono wa kushoto ulibofya kihesabio cha chuma, wa kulia uliandika bila yeye kuutazama. Hivyo kwa miaka ishirini na tisa. Madaftari yalifika thelathini na moja, yote yenye majalada magumu, yamepangwa kwenye rafu juu ya sinki. La kwanza lilikuwa limevimba kwa unyevu kama mkate uliosahauliwa ndani ya maji.

Aliyeletwa kurithi kiti chake alikuwa msichana wa miaka ishirini na sita, aliyetoka chuo kikuu na shahada ya baiolojia. Mafundi wa pampu hawakumpa hata siku mbili. Walimbandika jina la Digrii, na kila alipopita walimwita aje awaambie bomba lao limepinda digrii ngapi. Alicheka nao, lakini ndani hakuwa akicheka. Alikuwa ameambiwa kwamba baada ya mwezi mmoja mzee atastaafu na hesabu zote zitakuwa juu yake, na kila alipomtazama akifanya kazi alihisi kwamba alichosomea yeye na kile anachokifanya mzee ni vitu viwili visivyojuana.

Bwana Hodi hakuwa na shahada wala cheti. Alianza kama mkata majani kwenye ukingo wa bwawa. Siku moja mtaalamu aliyekuja kupima maji alikosa mtu wa kumshikia wavu, ule wavu mrefu kama soksi, wenye matundu madogo kuliko ya chandarua, akamwita mkata majani. Baadaye, kwa shukrani tu, alimruhusu achungulie kwenye hadubini. Mzee husimulia kwamba aliangalia, akainua kichwa, akayatazama maji ya bwawa yaliyotulia, akaangalia tena. Akasema: "Kumbe tulikuwa tunakunywa mji." Hakurudi tena kwenye majani.

Wiki ya kwanza alimfundisha msichana kwa namna yake. Alimketisha kwenye kiti chenye mto wa kitambaa cha pazia, akasimama nyuma yake, akawa anamwambia ni nani anayepita. Kwake viumbe wa maji baridi walikuwa wa makundi matatu: waeleao, watembeao, na wa kati.

Waeleao ndio wale wanaoishi kwa jua kama majani. Kulikuwa na masanduku, ambao msichana aliwajua kwa jina la diatomu: vijisanduku vya kioo hasa, kila kimoja na kifuniko chake, vimechorwa mistari myembamba hivi kwamba hutaamini hakuna aliyeichora. Kulikuwa na wale wa kijani kibichi, mwani wa kijani, wengine wamejipanga wanne wanne bega kwa bega kama vigae, wengine wametengeneza duara lenye meno. Na kulikuwa na ukoga, aliyeonekana kama mabonge ya vumbi la kijani lililoiva hadi kuelekea samawati. Huyo vitabuni si mwani kamili bali ni jamii ya bakteria, na ndiye mzee aliyemwogopa. "Hawa wengine wakizidi, maji yanakuwa machafu tu," alimwambia. "Ukoga akizidi, maji yanakuwa na harufu, na akizidi zaidi anatia sumu. Ukisahau wote, huyu usimsahau."

Watembeao ni wanyama. Kulikuwa na magurudumu, yaani rotifa, wenye nywele kichwani zinazozunguka mbio zikivuta chakula mdomoni. Kulikuwa na viroboto-maji, wenye mwili mwangavu kiasi kwamba unauona moyo ukidunda na mayai mgongoni. Kulikuwa na jicho-moja, ambaye ni kopepodi, aendaye kwa kurukaruka, na jike lake hubeba mifuko miwili ya mayai, mmoja kila upande, kama mama aliyetoka sokoni na vikapu viwili na hana pa kuvitua.

Hadi hapo msichana alielewa. Tatizo lilikuwa wa kati. Humo mzee aliwaweka wale wenye rangi ya kijani ya majani lakini wana mkia na wanaogelea, na wana doa jekundu mfano wa jicho. Aliwaweka wenye deraya na mfereji kiunoni kama mkanda, ambao mchana hula jua na wakipata nafasi humla jirani. Mwaka wa tisa aliuhamishia humo hata mpira, ule mwani unaoishi kwa mamia kwenye duara moja linalobingirika, na ndani yake kuna madogo yakisubiri kuzaliwa. Msichana alikuwa amepewa kazi ya kuyaingiza madaftari yote kwenye kompyuta, na jedwali la kompyuta lilikuwa na safu mbili tu, mimea na wanyama. Alihangaika siku mbili akiutafuta mpira uliotoweka baada ya mwaka wa nane. Alipoupata kwa wa kati alimuuliza mzee kwa nini aliuhamisha, akajibiwa kwamba alikuwa ameutazama vizuri zaidi.

Alirudi nyumbani kichwa kikimzunguka. Aliishi na mama yake, mjane aliyeshona sare za wanafunzi, na mama alikuwa na la kwake la kumpokelea mlangoni. Maji yananuka. Chai ina ladha ya udongo uliolowa, hata mchele ukioshwa unabaki na harufu ya kabati la zamani. Majirani wameshamjia wakiuliza kama binti yake anafanya kazi huko au anakwenda kupiga picha. "Mmesomeshwa mpaka mwisho," mama alisema akikata uzi kwa meno, "na bado mnatunywesha vyungu."

Haikuwa nyumba yao peke yake. Malalamiko yaliingia kituoni mtaa baada ya mtaa, na mkuu wa kituo akamwita msichana ofisini, akafunga mlango. Alikuwa mtu mwenye adabu, asiyepandisha sauti, na kwa hiyo maneno yake yalikuwa na uzito. Alimwonyesha hesabu za wiki za karibuni zilizoandikwa na Bwana Hodi: ukoga kidogo, ukoga kidogo, ukoga kidogo sana. Kwa hesabu hizo hakukuwa na sababu ya kuongeza dawa wala kubadilisha kina cha kuvutia maji. Lakini harufu ile ni ya ukoga, hata mtoto anajua.

Kila siku, alimkumbusha, dereva huleta chupa mbili kutoka bwawani. Moja ni ya viumbe hai, ndiyo anayoihesabu mzee siku hiyohiyo. Ya pili hutiwa iodini palepale bwawani, viumbe wakafa na kugeuka kahawia, ikahifadhiwa kabatini mwaka mzima iwe ushahidi. Hakuna aliyewahi kuutaka ushahidi huo. Sasa yeye anautaka. Msichana azihesabu chupa za wiki zote hizo upya, peke yake, bila kumwonyesha mzee, amletee majibu kabla ya siku ya kustaafu.

"Na kama hazitalingana?" msichana aliuliza.

Mkuu alisema kwamba yeye hana ugomvi na mzee. Lakini mtu akikosea kitu kikubwa hivyo bila kujua amekosea, nani atathubutu kusema alianza lini? Daftari haliwezi kuwa kweli nusu. Yote thelathini na moja yatapelekwa stoo yasubiri kuchomwa na karatasi nyingine za zamani, na rekodi ya bwawa itaanzia kwake yeye Digrii, ukurasa wa kwanza.

Alitoka mle akiwa hajui ashike lipi aache lipi. Sehemu ndogo ya moyo wake, aliyoionea aibu, ilifurahi kusikia kwamba rekodi itaanzia kwake. Sehemu kubwa iliyafikiria madaftari thelathini na moja yakiungua. Mzee alikuwa sinkini akinawa. Alimtazama msichana mara moja, akasogeza kiti chenye mto, akamwambia akae, maana anaonekana kama aliyesikia jambo ofisini.

Alihesabu chupa za iodini saa za chakula, mzee akiwa amekwenda kwake, vyumba viwili nyuma ya kituo, kula na mkewe. Aliitikisa kila chupa kwa nguvu kama alivyofundishwa chuoni, mpaka ikatoa povu, akaacha itulie, akahesabu mabonge yaliyokuwa kahawia badala ya kijani. Chupa ya kwanza, alipata mara saba ya hesabu ya mzee. Alidhani amekosea, akarudia. Mara saba na zaidi. Chupa ya pili, mara tisa. Ya tatu, mara tano.

Jambo la kwanza lililomjia ni macho. Mzee ana miaka sitini, huenda mtoto wa jicho ameanza kumfunga. Basi akabuni hila. Alitengeneza kioo kimoja kutoka bwawa dogo la samaki lililoko mbele ya ofisi, akakihesabu yeye, kisha akamwomba mzee akihesabu, eti apate kulinganisha mbofyo wake. Yeye alipata mia mbili na kumi na nne. Mzee alipata mia mbili na kumi na tisa, akamwonyesha wale watano aliowaruka, wamejificha kwenye mstari wa miraba. Macho yalikuwa mazima kuliko ya kwake.

Hapo ndipo alipopotea kabisa. Mtu anayeona hivi, anayehesabu hivi, kwa nini hesabu zake ni ndogo hivi? Aliwaza kwamba labda mzee anajua na anaficha. Lakini anamficha nani, na ili iweje? Alifikiri pengine dereva anabadilisha chupa, akamchunguza dereva siku mbili, mpaka dereva akamuuliza kama anatafuta mchumba, kwa maana yeye tayari ana mke na mkewe ana wivu. Akafikiri kwamba huenda mwenye kosa ni yeye, kwamba katika kahawia ile ya iodini anaita ukoga kitu ambacho si ukoga. Alilala vibaya, akaamka vibaya, akanywa chai yenye ladha ya udongo na mama yake akimtazama tu.

Alikaa akimtazama mzee hatua kwa hatua, kama mwizi anayejifunza nyumba. Aliona jambo moja alilokuwa akiliona kila siku bila kulitilia maanani. Mzee hakuitikisa chupa. Aliiinamisha mara moja polepole, namna mtu anavyomgeuza mtoto aliyelala, akairudisha wima, akasubiri dakika tatu ili uchafu ukae chini, kisha akavuta maji ya katikati kwa bomba lake la kioo. Alipomuuliza, mzee alimweleza kwa subira. Ukitikisa, kiroboto-maji hunasa hewa chini ya gamba lake, anapanda juu kama boya na kufia huko. Gurudumu akishtuka hukunja nywele zake akawa kidonge tu, na kidonge hakina jina. Wapole wahesabiwe kwa upole.

Ilikuwa sababu nzuri. Ilikuwa sababu ya miaka ishirini na tisa. Msichana aliiandika kwenye daftari lake, bado hajaona kitu.

Siku nne kabla ya kustaafu kwa mzee, mwoshaji wa vyombo hakuja, mtoto wake anaumwa. Msichana akajifunga kitambaa kiunoni na kuziosha chupa mwenyewe. Aliisuuza ile ya viumbe hai iliyohesabiwa asubuhi, akaingiza kidole shingoni ili aisugue, na kidole kikateleza. Alikitoa kikiwa na rangi. Akaiinua chupa dirishani. Ndani ya shingo, pale kioo kinapobanana kuelekea kifuniko, palikuwa na pete ya kijani, nene kama rangi ya nyumba iliyogandia kwenye brashi.

Aliisimamisha chupa. Akafungua kifuniko cha nyingine, na nyingine, za siku zilizopita zilizokuwa zikingoja kuoshwa. Kila moja ilikuwa na pete yake. Alipaka kidogo kwenye kioo, akainamia hadubini, na akakuta hakuna nafasi ya kuingiza sindano. Ukoga mtupu, bonge juu ya bonge.

Ukoga ana vifuko vya hewa mwilini. Hilo alilisoma chuoni na akapata alama nzuri kwa kulieleza. Ukimweka kwenye maji yaliyotulia, hupanda. Zamani mzee alihesabia kwenye kibanda cha bwawani, hatua ishirini kutoka majini, na tone lilifika kwenye kioo ukoga akiwa hajajua kwamba ametoka nyumbani. Lakini wiki saba zilizopita, msichana bado hajaletwa, kibanda kilifungwa, hadubini ikahamishiwa maabara mpya ya kituoni, na ukawekwa utaratibu: hakuna chupa inayoingia maabara kabla karani wa mapokezi hajaipa namba. Dereva alizileta saa mbili asubuhi. Karani alifika saa nne, akaanza na barua. Chupa zilisimama kwenye kizingiti cha dirisha, juani, hadi saa tano. Na kwa saa hizo tatu ukoga alikuwa anapanda ngazi taratibu, anakwenda kujibandika shingoni. Mzee akija, anaiinamisha chupa kwa upole, anasubiri, anavuta maji ya katikati. Anahesabu kila kilichopo, haachi hata kimoja. Na kile alichokuwa akikitafuta kiko inchi tatu juu ya bomba lake, kisha kinasuuzwa na kwenda na maji machafu.

Msichana alisimama mbele ya sinki mikono ikichuruzika. Alidhani akipata jibu kizunguzungu kitamtoka. Kilizidi. Mzee hakukosea kuhesabu, lakini hesabu ilikuwa ya uongo. Utaratibu ndio uliokosea, lakini mkono uliokataa kutikisa ni wa mzee. Na watu walikunywa.

Alikwenda kwa mzee jioni hiyo, jua bado lipo. Mkewe alimkaribisha kwenye chumba chenye viti viwili na cherehani isiyo na sindano, akaleta maji kwenye trei. Mzee aliinua bilauri, akageuza, akasema hodi yake. "Wenyewe hawapo," mkewe akajibu akielekea jikoni, kwa sauti ya mtu aliyejibu hivyo mara elfu.

Msichana alimweleza yote, pamoja na agizo la mkuu. Alitoa chupa kwenye mkoba, akamwonyesha pete. Mzee aliitazama muda mrefu. Aliingiza kidole chake mwenyewe, akakitoa, akakinusa.

Msichana akamwahidi kwamba ataandika ilivyo: kosa ni la mapokezi, chupa kuachwa juani saa tatu. Mtu yeyote angekosea hapo.

"Mapokezi hawajui kwamba ukoga hupanda," mzee alisema. "Mimi najua. Nilijua wewe bado hujazaliwa, mwanangu."

"Sasa kama ulijua, mzee, mbona hukuitikisa?"

Alifikiri. Alionekana anatafuta jibu kwa uaminifu, kama anavyotafuta kiumbe kilichopita kwenye ukingo wa kioo. Mwishowe akasema kwamba kujua kulikuwa kichwani na kufanya kulikuwa mkononi, na mkono ulibaki bwawani. Akamwambia aandike kwamba hakutikisa. Asiandike jina la karani, kijana wa watu ana familia.

Alitembea kurudi kwao akiwa na maneno hayo na hakujua ayaweke wapi. Alikuwa amezoea kwamba mtu akijua kitu, anacho. Sasa alikuwa amemwona mtu mwenye elimu nzima ya bwawa ndani ya kifua, iliyomtoka kwa sababu ya saa tatu na dirisha moja.

Taarifa aliiandika mara nne. Ya kwanza ilimtetea mno mzee, ikasomeka kama barua ya mapenzi. Ya pili ilikuwa kali, ikasomeka kama ya mtu anayetaka kiti. Ya nne ndiyo aliyoipeleka. Ilieleza pete, saa tatu za kungoja, na mkono usiotikisa. Kisha ilisema jambo alilolipigania usiku na mchana: kwamba kosa lina mwanzo unaojulikana, tarehe ambayo kibanda kilifungwa. Kabla ya hapo tone lilihesabiwa bichi, halikupata muda wa kupanda. Basi wiki saba zipigwe mstari mwekundu, na miaka ishirini na tisa isimame kama ilivyo.

Mkuu wa kituo aliisoma mara mbili. Akaomba chupa, akaingiza kidole. Watu wote waliingiza kidole, msichana aliona, kana kwamba macho hayatoshi. Kisha akamuuliza kama ana uhakika. Msichana akasema anao. Kwa neno lake hilo, mkuu akaruhusu mstari mwekundu uchorwe, akaagiza chupa zitikiswe na zisipitie tena mapokezi, dawa ikaongezwa, bomba la kuvutia maji likashushwa kina. Baada ya siku kumi mama yake alikunywa chai, akainusa, akanywa tena, akasema angalau sasa mshahara wa binti yake una sababu. Madaftari yalibaki rafuni. Kwenye jedwali la kompyuta msichana aliongeza safu ya tatu, ya wa kati, na mkuu hakuuliza ni ya nini.

Siku ya kuondoka kwa Bwana Hodi hapakuwa na hotuba ndefu. Mafundi wa pampu walimpa saa ya ukutani na kumtania kwamba sasa atahesabu dakika. Alikuwa anahamia kwa binti yake, mji wa mbali, huko mabomba yanatoa maji ya kisima yasiyo na kiumbe hata mmoja, na mkewe alisema mzee atakufa kwa upweke. Vitu vyao viliingia kwenye gari moja dogo, na nafasi ikabaki. Dereva yule yule aliyekuwa akileta chupa ndiye aliyewapeleka.

Msichana alisimama kwenye dirisha la gari. Alikuwa amejiandalia maneno ya kumshukuru na yote yakamkimbia, akabaki kumwambia kwamba hesabu zake zitakuwepo hata wao wote wasipokuwepo, miaka ishirini na tisa, mkuu mwenyewe amekubali. Alitaka kumwona akifurahi. Mzee alimtazama kwa utulivu uleule wa siku zote. Mwaka uliofuata, mvua zilipokawia, binti yake alipiga simu kituoni kusema mzee hayupo tena. Msichana alipokea simu hiyo akiwa amekaa kwenye kiti chenye mto, daftari la mwaka wa kumi na nne limefunguliwa mbele yake. Alikuwa anatafuta humo kitu, na hakujua anakitafutaje: siku ambazo mvua ilinyesha na mzee akachelewa kufika kibandani, siku alizoumwa na chupa ikamngoja, asubuhi ambazo mtu alipita akamsalimu na mazungumzo yakawa marefu. Daftari haliandiki mambo hayo. Linaandika tarehe na idadi tu, kwa mwandiko safi usiotetemeka.

Kwa maana siku ile ya kuondoka, dereva alikuwa ameshawasha gari, na mkewe amekwisha kufunga mlango wa upande wake, mzee alipotoa kichwa nje kidogo na kumuuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaka kujua kweli:

"Una hakika ni wiki saba tu, mwanangu?"